Rozari ya elfu tano na ya elfu nane, tofauti kibandiko tu

Jumamosi nimeenda duka moja la vifaa vya ibada hapa Dar, jina naliacha, natafuta rozari ya kumpa mtoto wa dada yangu anapokea komunyo ya kwanza. Duka lenyewe zuri sio siri, ukiingia tu unapokelewa na Tumsifu Yesu Kristo na harufu ya ubani, vitu vimejaa mpaka darini, skapulari, misale, mishumaa ya ubatizo, sanamu za Bikira Maria za kila saizi, hata kalisi, vile vikombe vya divai ya misa, zipo. Niliinamisha kalisi moja nikachungulia ndani, imepakwa dhahabu vizuri, maana Kanisa linataka kama madini yake yanashika kutu basi upande wa ndani upakwe dhahabu, na vya bei chee mara nyingi hapo ndo vinapopunja. Hapo nawapa maksi zao.

Sasa njoo kwenye rozari. Mabakuli mawili, shanga zilezile za mbao, uzi uleule, huku elfu tano kule elfu nane. Namuuliza dada muuzaji, hii elfu tatu ya juu ya nini? Ananionyesha kikaratasi kimebandikwa kwenye mfuko, IMEBARIKIWA. Heh!

Nikachukua ya elfu tano, kesho yake baada ya misa ya kwanza nikamfuata padre nje ya sakristia, akacheka sana, akasali kidogo, ishara ya msalaba, maji ya baraka, dakika mbili hazijafika na wala hakunidai hata mia. Halafu akanambia kitu nilikuwa sikijui, kwamba kitu cha ibada kilichobarikiwa ukikiuza, ile rehema, yaani kufutiwa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, inayoambatana na kukitumia inakoma. Yaani wa elfu nane kalipia kibandiko.

Wengi tunachukulia baraka kama kuchaji simu, imejaa au haijajaa. Kumbe ni kukitenga kitu, kilikuwa cha sokoni sasa ni cha Mungu, na sheria ya Kanisa inasema kiheshimiwe hata kama kiko mikononi mwa mtu binafsi. Mi hilo nilianza kulielewa siku ya kutabaruku, yaani kuweka wakfu, kanisa letu. Kabla ya hapo kamati ya ujenzi ilikuwa inafanyia vikao humohumo ndani, watu wanabishana bei ya saruji mbele kabisa, mtu kaweka na chupa ya soda juu ya altare, meza yenyewe ya misa. Siku hiyo askofu akavua kasula, lile vazi la juu la misa, akajifunga aproni nyeupe, akamimina Krisma, mafuta matakatifu, katikati ya altare na kwenye pembe zote nne, akaisambaza kwa kiganja taratibu mpaka jiwe zima linang'aa, akaenda kupaka na kuta kwenye misalaba yake 12, halafu ubani ukawashwa juu ya altare yenyewe moshi ukapanda mpaka kwenye mabati. Vikao vikahamia chini ya mwembe, na sikumbuki kama kuna mtu alitangaza vihame.

Rozari yenyewe imara, ila kile kipete kinachoshika msalaba kilikuwa kimeachia kidogo nikakibana na koleo nyumbani. Nyota 3 kati ya 5. Mishumaa ntarudi kuchukua kwao. Dada wa watu nilimwambia hivyo vibandiko vitoeni, akasema kaka mimi nimeajiriwa tu, ntamfikishia bosi.