Dramu seti za mtumba Dodoma: ipi uanze nayo, ipi uipite, na hela ya marekebisho uitupie wapi

Wakuu, swali la dramu linarudi kila kwaya ikichangisha hela za vyombo, kwamba tuna kiasi fulani tununue nini, na majibu huwa mengi na kila mtu ana binamu yake Kariakoo. Naandika kwa mtu aliyeko hapa Dodoma au Singida huko, mwenye bajeti ya kubana, anayetaka seti ya mtumba aifufue badala ya kulipia jina jipya.

Orodha yangu nimeipanga kwa kanuni moja tu: nunua kile ambacho fundi wa hapa hawezi kukutengenezea. Kutu inatoka. Stendi iliyovunjika mguu, jamaa wa kuchomelea anaimaliza wakati unakunywa soda. Bolti ikipotea inapatikana, na isipopatikana inachongwa. Lakini pipa la dramu lililopoteza duara hakuna seremala wa Majengo wala wa Sabasaba atakayelirudisha, na toazi la madini ya hovyo litabaki la hovyo hata ulisugue mpaka ujione sura. Sasa watu wengi wanafanya kinyume, wanaenda kuangalia rangi inang'aa, wanalipa, wanafika nyumbani ndo wanaanza kuuliza mbona snea, ile dramu ndogo yenye nyaya chini, inalia hivi.

Halafu hela. Kama mfukoni una laki tisa, seti ya laki tisa siyo yako, tafuta ya laki sita na ile laki tatu iliyobaki ifiche kwa mweka hazina mkali, maana ngozi, nyaya za snea na pengine toazi moja la maana ndo zitakula hapo. Theluthi ya bajeti ibaki kwa marekebisho, hilo sina mjadala nalo.

Namba 1: Seti ya jina la kati, iliyochakaa sura

Hapa naongelea Pearl Export, Tama Swingstar, Yamaha Stage Custom, Mapex za kawaida, Premier za Uingereza, vitu vya aina hiyo. Siyo zile za bei ya gari, ni seti ambazo zilitengenezwa kwa wanafunzi na bendi za mtaani huko kwao, Export ipo tangu 1982 na Stage Custom tangu 1995, kwa hiyo kwenye makontena ya mtumba na kwenye makanisa yaliyoletewa msaada na wamisionari unakutana nazo. Zinauzwa rahisi kwa sababu zimefubaa, stika imebanduka, ngozi zimetoboka, mtu anaona takataka. Wewe unaona mbao nzima.

Ukifika usipige kwanza. Muombe muuzaji akuruhusu ufungue ngozi ya juu ya tomu moja (tomu ni zile dramu za kati zisizo na nyaya) na ya snea, akikataa kabisa basi ana sababu. Ngozi ikitoka, pitisha kidole kwenye mdomo wa pipa mzunguko mzima polepole, ule ukingo uliochongwa ambao ngozi inakalia. Ukikuta kishimo, sehemu iliyobonyea au mbao imeachana tabaka, kumbuka ilipo. Kisha lifunike pipa kwenye kioo cha meza, tupia tochi ya simu ndani, zima taa za chumba, angalia chini kwa macho. Mwanga ukichungulia kama uzi mwembamba sehemu moja siyo kesi, msasa namba 220 uliobandikwa juu ya kioo hicho hicho unaumaliza, unalizungusha pipa taratibu mpaka mwanga uishe, halafu unarudishia mteremko wa ule ukingo kwa mkono mwepesi. Mwanga ukipita nusu ya duara, rudisha ngozi za watu uondoke. Mwisho chukua futi kamba pima kipenyo pande mbili zinazokatana, zikipishana zaidi ya milimita 3 hivi achana nayo, hiyo haitashika sauti hata uweke ngozi ya dhahabu.

Bolti nazo. Seti nyingi zinatumia uzi wa saizi moja, ile 12-24, ndo maana bolti ya Pearl unaweza kuikuta inaingia kwenye Tama. Sonor ni Wajerumani, wao kwa kawaida wana uzi wa milimita, na zile za zamani kabisa bolti zake zina mfereji wa bisibisi badala ya kichwa cha pembe nne, kwa hiyo ukikuta Sonor imepungukiwa bolti punguza bei kabla hujasifia sauti. Na Premier za zamani sana, za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, nyingine zina vipenyo ambavyo ngozi za leo hazikai. Pima. Tomu ya kisasa inatakiwa kukaa kwenye inchi 10, 12 au 13, tomu ya chini, ile ya kusimama kwa miguu yake, 14 au 16, bezi, ile kubwa ya kupigwa kwa pedeli, mara nyingi 22 au 20, snea 14. Ukipata namba ya kati kati hapo utahangaika kutafuta ngozi mpaka uichukie.

Zungusha kila bolti kwa ufunguo wa dramu. Bolti ikikataa unaitia mafuta kidogo na kusubiri, lakini ikiwa inazunguka tu bila kukaza, uzi wa kwenye lagi, kile chuma kilichofungwa ubavuni mwa pipa ambacho bolti inaingia, umekufa, na lagi ndo kitu kigumu kupata hapa. Moja naweza kuvumilia kwenye bezi. Kwenye snea hapana.

Namba 2: Mapipa matupu

Mtu anauza tomu mbili, ya chini na bezi, hana stendi, hana matoazi, snea iliibiwa. Watu wanazipita hizi na mimi naziweka namba 2 bila kusita, kwa sababu bei inakuwa ya kutupa na mapipa ndo moyo wa kila kitu. Stendi za Kichina za mtumba unazikusanya moja moja, na snea ni bora uichague peke yake kuliko kulazimishiwa ile iliyokuja na seti. Sharti liwe moja, mapipa yawe na ringi zake zote, vile vyuma vya duara vinavyobana ngozi, na miguu ya ile ya chini, na uwe mtu wa subira. Kama Pasaka ni wiki tatu zijazo na mchungaji ameshatangaza, nenda namba 3.

Namba 3: Seti kamili ya Kichina isiyo na jina, ya mtumba

Ndo zimejaa. Kanisa limebadilisha vyombo, wanauza ya zamani, ina kila kitu mpaka kiti. Mbao yake ni laini, huwa poplar au ile nyekundu nyepesi ya luan, na siyo dhambi, hata seti za majina makubwa za bei ya chini zimetengenezwa kwa mbao hizo. Tatizo liko kwenye vyuma: pedeli, nati za masikio, na kile kikono cha pembeni ya snea cha kufungia nyaya. Kikono hicho kifungue na kukifunga mara kumi mbele ya muuzaji. Kikiteleza, hiyo snea ihesabu kama mzigo wa kuni kwenye mapatano ya bei.

Seti ya aina hii ikibadilishwa ngozi ya snea na ya bezi tu, mdomo ukisawazishwa na mtu anayejua kutyuni akakaa nayo jioni moja, mtu wa benchi la nyuma hawezi kukuambia siyo Pearl. Nasema hivyo nikijua kuna wataalamu watanuna.

Namba 4: Mpya ya bei rahisi

Ile iliyoko dukani kwenye nailoni. Kwa hela hiyo hiyo unalipia upya, siyo sauti. Ngozi zinazokuja nayo utazitupa, matoazi utayatupa, mdomo wa pipa haujawahi kukaguliwa na mtu. Faida yake haina mguu uliopotea na mweka hazina anapata risiti ya EFD, kwa taasisi inayokaguliwa hilo lina uzito wake.

Namba 5: Dramu za umeme za mtumba

Hapa nitapigwa mawe. Kwa mtu wa kufanyia mazoezi chumbani Area C na jirani mkorofi, sawa, na kwa kanisa ambalo limeshaandikiwa barua ya kelele na NEMC, wale wa mazingira, sawa pia. Ila kile kiboksi cha sauti kikifa hakuna wa kukifufua, na bado unahitaji spika yenye nguvu. Pipa la mbao likichakaa bado ni pipa.

Matoazi

Mengi ya seti za bei rahisi ni ya shaba ya njano, na hayo hata uyapige kwa upendo yanalia kama mfuniko wa sufuria. Angalia maandishi: Meinl HCS na Sabian SBR ni shaba ya njano, ni za kuanzia, usilipie hela ya shaba nyeusi. Sabian B8 na Zildjian ZBT ni shaba nyeusi yenye bati asilimia 8, hapo sauti inaanza kuwa ya watu wazima. Ukikutana na ya bati asilimia 20, wanaita B20, kwa bei ya muuzaji asiyejua, usianze kuuliza maswali mengi. Tena jina lililoandikwa kwa wino siyo ushahidi, Zildjian kwa kawaida huwa na muhuri umegongwa kwenye chuma chenyewe, upapase kwa kidole.

Likague pembeni kote na kwenye tundu la kati, inamisha uone mwanga. Ufa wa pembeni unaweza kuucheleweshea safari kwa kutoboa tundu dogo pale unapoishia, lakini ni kuchelewesha tu, usinunue toazi lenye ufa kwa zaidi ya bei ya chakavu. Tundu la kati likiwa limeliwa na kuwa refu ni kwa sababu mwenyewe alilipigisha juu ya chuma tupu, weka kipande cha mpira wa mafuta wa pikipiki kinachopita kwenye ule msumari wa stendi na felti chini yake, tatizo haliendelei. Hela ikiwa ya toazi moja tu, nunua hai-hati, yale mawili yanayofungana kwa pedeli. Krashi, lile la kishindo, unaipiga mara chache, hai-hati inalia wimbo mzima.

Hela ya marekebisho

Ya kwanza ni ngozi ya juu ya snea, tabaka moja yenye ule unga mweupe, Remo Ambassador au Evans G1. Ya pili ni ya bezi, Powerstroke 3 au EMAD, na ndani tupia blanketi dogo likigusa ngozi kidogo tu, siyo kujaza magodoro mpaka bezi inalia puu. Tomu zifuate, tabaka mbili kama Pinstripe au G2 zinaficha makosa ya tyuni. Ngozi za chini za tomu kama hazijachanika ziache zipumzike.

Ngozi ya chini ya snea ndo inayowaponza wengi. Ile ni nyembamba sana, karibu theluthi ya unene wa ya juu. Ukikuta snea haina ule mchachariko, igeuze, mara nyingi mtu aliweka ngozi ya tomu chini kwa sababu saizi ni ile ile 14. Ikishabadilishwa, nyaya mpya nyuzi 20, na kama utepe wake umekatika kamba ya kiatu inashika vizuri tu. Ngozi kumi za seti ya dramu tano zinaingia kwenye begi moja, na tangu SGR ifike Dodoma 2024 mtu wa kwenu anayeshuka Dar asubuhi anarudi nazo jioni.

Kutyuni, bolti zote kaza kwa vidole kwanza, kisha ufunguo nusu raundi kwa mkato wa msalaba, unagonga karibu na kila bolti mpaka zote ziimbe noti moja. Mama zetu wa muheme, ngoma ya Wagogo, wanapasha ngoma zao motoni zipande sauti na zinapanda kweli, ila hizi tunazoita ngozi ni plastiki, ukiisogeza motoni umeiaga.

Kutu kwenye ringi na stendi: karatasi ya foili iliyokunjwa, maji na siki kidogo, unasugua, unakausha, unapaka mafuta mepesi. Stika iliyobanduka unaivua yote na kumpelekea jamaa wa stika za bajaji akuvalishe rangi unayotaka, awe mwangalifu asipandishe stika kwenye mdomo wa pipa, ngozi itagoma kukaa.

Na hili ni la kwetu sisi wa kanda ya kati. Seti iliyokaa Dar au Tanga ina kutu na mbao iliyozoea unyevu, ukiileta huku kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja, mbao inanywea. Usisawazishe mdomo siku ileile imeshuka kwenye basi. Iache ndani wiki mbili tatu, mbali na dirisha la jua, bati likiwa halina dari ndo kabisa isikae chini yake mchana kutwa. Baada ya hapo fungua ngozi ukaze skrubu zote za ndani zinazoshikilia lagi, utakuta karibu kila moja imelegea, na ule mlio wa tiki-tiki-tiki uliodhani ni snea unapotea. Vumbi nalo, funika kwa shuka baada ya ibada, na cheni ya pedeli ifute kavu kabla ya kutia tone la mafuta, mafuta juu ya vumbi la Dodoma ni msasa.