Mzunguko wa moyo: kadi za mezani au Kahoot?

Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni uliotoka Norwei na kuzinduliwa mwaka 2013, huamsha darasa la wanafunzi wa uuguzi hata saa nane mchana. Swali linatokea ukutani, kila mtu anabonyeza jibu kwenye simu yake, na mwalimu anaona papo hapo wangapi wamechanganya vali (milango ya damu ya moyo) ya mitrali na ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Ila alama hutegemea pia kasi, kwa hiyo anayebahatisha haraka anaweza kumpita anayefikiri. Na bando likikata, basi.

Kadi za karatasi zinaenda taratibu. Kundi la watu wanne hupewa hatua za pigo moja la moyo (kama sekunde 0.8, mapigo yakiwa 75 kwa dakika) wazipange kwa mfuatano. Ubishi huwaka kwenye ile hatua ambayo vali zote nne zimefungwa: misuli ya ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) imejikaza, shinikizo linapanda, lakini damu haijatoka hata tone. Ni rahisi kufungua vali ya aota mapema mno. Mwenzao akiuliza, "Shinikizo la ventrikali limeshalipita la aota?", inabidi wafikiri upya, na hapo kukariri hakusaidii.

Mimi ningefundishia kadi. Kahoot ibaki ya marudio wiki ya mtihani, dakika kumi tu.