Kununua Nishani na Chapa za Vita Mnadani: Uzoefu Wangu wa Raha na Gharama Zake

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikinunua nishani za Vita vya Kwanza vya Dunia na chapa za michoro ya kijeshi, yaani nakala za michoro zilizochapishwa kwenye karatasi, kutoka kampuni moja ya mnada inayouza kwa njia ya intaneti. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote anayefikiria kuanza. Kwa sehemu kubwa nimeridhika na huduma hiyo, lakini bei inayotangazwa mnada unapofungwa ni mwanzo tu wa malipo, na anayeanza akidhani kwamba ndiyo jumla yake atachoka mapema.

Sababu iliyonivuta kwenye nishani za Uingereza za vita hivyo ni kwamba zimeandikwa majina. Nishani ya Vita ya 1914 hadi 1918, ambayo nyingi zake ni za fedha, na Nishani ya Ushindi, ambayo ni ya shaba nyeusi na utepe wenye rangi za upinde wa mvua, zote mbili zimegongwa ukingoni namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Anayeishika mkononi hashiki kipande cha madini tu, bali anashika anwani ya kumtafutia mtu mmoja kati ya mamilioni. Ndiyo maana ninazithamini kuliko nyota za Vita vya Pili, yaani nishani zenye umbo la nyota, ambazo Waingereza walipewa bila jina lolote, hivi kwamba nyota iliyotengana na boksi lake na karatasi zake haiwezi tena kusema ilikuwa ya nani.

Kutoka kwenye ukingo huo ndipo raha yenyewe inapoanza. Nakala za kadi za orodha ya nishani zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, na kwa kawaida zinaonyesha askari alistahili nishani zipi, na pengine hata alifika uwanja gani wa vita na tarehe gani. Baada ya hapo hufuata shajara za vita za batalioni, zilizoandikwa siku hadi siku na maofisa waliokuwa humo mahandakini, na kwa waliofariki zipo kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitafuta bila malipo. Nimekesha usiku mwingi nikimfuata askari mmoja wa cheo cha chini kutoka ukurasa hadi ukurasa wa shajara ya kikosi chake, na ingawa hakutajwa kwa jina hata mara moja, nilijua mvua ilinyesha lini juu yake na alivuka mto gani. Utafutaji huo una mipaka yake. Mnamo Septemba 1940 bomu liliteketeza ghala la Wizara ya Vita jijini London, na sehemu kubwa ya majalada ya askari wa vita vile vya kwanza iliungua, kwa hiyo mkusanyaji anapaswa kuwa tayari kukuta kwamba njia imekatika bila kosa la mtu yeyote.

Jambo linalonihuzunisha zaidi katika biashara hii ni nishani za mtu mmoja kuuzwa moja moja. Bei ya fedha ilipopanda kupita kiasi kuelekea mwanzo wa mwaka 1980, Nishani nyingi za Vita ziliyeyushwa kwa ajili ya madini yake, zikabaki Nishani za Ushindi zilizoachwa na wenzake. Hata leo wapo wauzaji wanaoitenga seti kwa sababu vipande vikiuzwa kimoja kimoja huleta faida zaidi. Kampuni ninayoitumia imejitahidi hapa: huiuza seti ikiwa nzima, na inapouza nishani iliyotengana na nyingine husema hivyo wazi katika katalogi. Kwa hilo peke yake ninaipa alama za juu.

Sasa nije kwenye gharama. Juu ya bei ya mwisho mnadani kuna ada ya mnunuzi, ambayo katika minada ya aina hii mara nyingi hufikia robo ya bei hiyo au kuipita, na ada hiyo yenyewe huweza kutozwa kodi. Ukiwa umeshiriki kupitia jukwaa la mtu wa tatu, nalo huongeza asilimia yake. Kisha huja usafirishaji, bima, na ushuru wa forodha mzigo unapovuka mpaka. Kwa hiyo ninapoweka kikomo cha dau langu, ninazipigia hesabu gharama zote hizo kwanza, nikianzia jumla niliyo tayari kulipa na kushuka hadi kwenye dau, wala sipandi dau kwa sababu tu mshindani wangu amepanda.

Uhalisi ni gharama nyingine, ingawa hulipwa kwa muda na kwa maarifa. Ukingo uliosuguliwa jina la kwanza na kugongwa jina jipya huwa mwembamba kidogo, na herufi zake hazilingani na zile za asili. Ninaomba picha za ukingo mzima kabla ya siku ya mnada, na nimeona kwamba muuzaji mwaminifu hachukii kuombwa. Kwa vitambaa na karatasi, taa ya miale ya urujuanimno husaidia, kwa kuwa kemikali za kung'arisha weupe zilienea baada ya Vita vya Pili na hung'aa chini ya taa hiyo. Hata hivyo, kitambaa cha kale kilichofuliwa kwa sabuni ya siku hizi nacho hung'aa, kwa hiyo taa hiyo ni ya kuuliza swali, si ya kutoa hukumu.

Upande wa sanaa, mapenzi yangu yako kwa mchoraji Elizabeth Thompson, aliyejulikana baadaye kama Lady Butler. Picha yake ya mwaka 1874, inayoonyesha askari wa kikosi cha Uingereza cha Grenadier Guards wakiitwa majina baada ya mapigano katika vita vya Crimea, ilivuta umati mkubwa hata polisi akawekwa kuilinda, na mwishowe ikanunuliwa na Malkia Victoria. Anayetaka picha za namna hiyo ukutani hununua chapa, na hapo gharama hubadilika sura: fremu nzuri, kadi isiyo na asidi na kioo kinachozuia miale haribifu vinaweza kuzidi bei ya chapa yenyewe. Chapa za kisasa zenye idadi maalumu zilizotiwa saini na askari wa zamani zinahitaji uangalifu zaidi, kwani saini ya penseli hudumu ilhali wino wa kalamu nyingi hufifia kwenye mwanga. Kwa karatasi na vitambaa, makumbusho mengi hayapendi mwanga upite luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na chumba cha kawaida chenye dirisha hupita kiwango hicho kwa mbali.

Nishani zenyewe hazidai mengi. Hazitaki unyevu, hazitaki mifuko ya plastiki laini ya PVC, na zaidi ya yote hazitaki kung'arishwa, kwa maana kila msuguo huondoa kidogo cha jina lililogongwa.

Malalamiko yangu kwa kampuni hiyo ni mawili. Maelezo yake ya hali ya vitu ni mafupi mno, na maneno kama "hali nzuri kwa umri wake" hayamsaidii mtu anayenunua kwa picha tu. Aidha, makisio ya gharama za usafirishaji hutolewa baada ya mnada badala ya kabla yake, jambo linalomnyima mnunuzi wa mbali nafasi ya kupanga dau lake sawasawa. Nimewaandikia kuhusu hilo la pili, na kwa vitu vidogo wameanza kutoa makisio mapema kwa anayeomba. Kwa chapa zenye fremu bado. Hadi watakapofanya hivyo, ninanunua chapa zisizo na fremu tu, zikiwa zimeviringishwa ndani ya bomba gumu la kadibodi, na kazi ya fremu ninampa fundi ninayeweza kusimama mbele yake na kumwonyesha ninachotaka.