Mikopo kwa wauza dagaa wa Mwaloni: kikundi cha hisa kimeizidi kausha damu, lakini riba yake ishuke

Kwa anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hatuoni huduma ya fedha inayomfaa kuliko kikundi cha hisa, mradi hesabu ifanyike mbele ya wote.

Chukua mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, wa 100,000, marejesho 5,000 kila siku kwa siku 26. Unalipa 130,000. Utaambiwa riba ni asilimia 30, kumbe deni linapungua kila siku, na kwa wastani unakaa na nusu tu ya fedha hiyo. Riba halisi inakaribia asilimia 60 kwa mwezi, wakati kikomo cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Halafu mbalamwezi ikiingia, taa hazivuti dagaa na mitumbwi inalala ufukweni. Marejesho hayasubiri giza. Godoro linabebwa na mkopeshaji, na maneno yanaanza: karogwa huyo, jirani yake ana mkono mbaya. Usukuma unajua vibibi wenye macho mekundu walivyoumizwa na maneno ya namna hiyo, ilhali hapa kosa ni la ratiba ya mkopo.

Kikundi cha hisa kina watu 15 hadi 30 wanaoweka akiba kwa kununua hisa, wanakopeshana fedha hiyo, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Kila kikao mtu ananunua hisa 1 mpaka 5, basi. Kikomo hicho kinamzuia mwenye mtaji mkubwa asimmeze muuza visado. Sanduku lina kufuli tatu, na wenye funguo hawalali nalo. Kabla ya kulifunga, wote wanatamka salio kwa sauti, na kikao kijacho wanalitamka tena kabla halijafunguliwa. Zikipungua 20,000, inajulikana zimepotea kati ya vikao vipi, na mweka hazina hasakamwi bure.

Kasoro kubwa ni riba, mara nyingi asilimia 10 kwa mwezi. Hisa 2,000 za 5,000 ni milioni 10. Riba ikileta milioni 1.5, siku ya kuvunja, yaani ya kugawana, kila hisa ni 5,750. Hiyo 750 imetoka kwa waliokopa, yaani wenye shida, ikaenda zaidi kwa wenye hisa nyingi. Ishushwe hadi 3, ikokotolewe kwenye deni lililobaki, na marejesho yapangwe siku za giza.

Mwezi wa mwisho wa mzunguko msikopeshane. Fedha ziende kwenye akaunti ya kikundi, maana sanduku lililojaa linaita wezi. Na mjisajili halmashauri: kikundi cha wanawake, vijana au wenye ulemavu kinaweza kuomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao hauna riba.