Traka ya GPS kwenye Canter na kirikuu za Dar: uzoefu wangu kwa upande wa ajali

Traka nyingi hapa mjini huuzwa kwa hofu ya wizi: unaona gari lilipo, ukitaka unalizima ukiwa kitandani. Mimi naitumia kwenye magari ya kusambazia mizigo kwa sababu nyingine, kupunguza ajali, na kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Faida haiko kwenye kile kidoti kinachotembea juu ya ramani. Iko kwenye kumbukumbu za breki za ghafla. Dereva akikanyaga breki ya kushtukiza, ama alikuwa mwendo mkali, ama alimkaribia mno wa mbele, ama macho yalikuwa kwenye simu, ama sehemu yenyewe ni mbaya. Ukiyajua hayo kabla bempa haijagonga mtu, unaweza kufanya kitu.

Ufungaji ndio unaoamua kama taarifa zitaaminika. Ndani ya kifaa mna kihisi cha mtikisiko, kwa hiyo kikazwe kwa skrubu kwenye chuma nyuma ya deshibodi. Mafundi wengi hukifunga kwa kamba za plastiki kwenye rundo la nyaya. Kinaning'inia, na kila tuta linasomeka kama breki. Waya wa umeme wa kudumu upitie kwenye fyuzi, na waya wa swichi upate umeme pale tu ufunguo unapowashwa, la sivyo kifaa hakijui gari limeegeshwa na hakilali. Kirikuu ikikaa bila kazi siku kadhaa, utakuta betri imekufa. Canter nyingi ni volti 24, kirikuu ni 12. Kifaa chenyewe kwa kawaida huhimili zote mbili, lakini relei (swichi ya kuzimia injini) ya 12 ikiwekwa kwenye Canter huungua. Fundi akimaliza, aliendeshe gari, alinyooshe na kufunga breki mara chache ili kifaa kijue mbele ni wapi. Akiruka hatua hiyo, kona zitaandikwa breki.

Sasa kwenye mipangilio, ndipo wauzaji wengi wanapokuacha. Kifaa huja kimepangwa kutuma mahali kilipo kila baada ya sekunde 30 ili kuokoa bando. Gari la kilomita 60 kwa saa hutembea nusu kilomita katika sekunde hizo. Chochote kilichotokea katikati hukioni. Omba kila sekunde 5 au 10 gari likitembea, na tukio la breki litumwe papo hapo likiwa na kasi ya kabla na ya baada. Bando litakalotumika bado ni dogo. Kiwango cha breki ya ghafla mimi nimekiweka kwenye kupungua kwa kilomita 10 kwa saa ndani ya sekunde moja kwa Canter iliyobeba, na 12 hadi 13 kwa kirikuu. Ukikishusha chini ya hapo, foleni ya Mandela peke yake itakujazia ripoti.

Kila mwisho wa mwezi pakua matukio kwenye Excel, futa yaliyoanzia chini ya kilomita 30 kwa saa, yaliyobaki yapandishe kwenye ramani. Utaona yanarundikana. Yakitawanyika huku na kule lakini ni ya dereva mmoja, tatizo ni dereva. Yakiwa ya madereva tofauti mahali pamoja, tatizo ni mahali: daladala zinachomoka kituoni, bodaboda zinakatisha, kivuko kimefutika rangi. Hapo kumfokea dereva hakusaidii. Badilisha njia au saa ya kupita, au mpangie mwendo wa kufika pale.

Kengele ya ndani ya gari, inayolia dereva akizidisha mwendo, ni ya kulipia zaidi, lakini inafanya kazi kuliko ripoti yoyote. Tochi ya trafiki dereva anaijua ilipo, wenzake wanampigia taa. Kengele haina wa kumwonya. Nimeiweka ilie kwenye 50 mitaani, kama sheria inavyotaka. Kwa lami kavu, breki nzima na sekunde moja ya kushtuka, gari dogo la kilomita 50 husimama kwa takriban mita 28. Likiwa kwenye 70 huhitaji karibu mita 46, na Canter yenye mzigo huhitaji zaidi.

Deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku, ndiye anayevuruga hesabu. Bila kitufe cha utambulisho kwa kila dereva, makosa yake yanaandikwa kwa dereva wa kudumu wa gari hilo. Linganisha madereva kwa matukio kwa kila kilomita 100, maana anayekwenda Kibaha na anayezunguka Sinza hawalingani. Na usikate posho kwa kila tukio, utaanza kupokea taarifa za "fyuzi imeungua" kila wiki.

Nyota iliyopungua ni ya GPS yenyewe. Kariakoo, katikati ya maghorofa, gari linaruka mtaa wa pili na kuandikiwa kasi ambayo halikwenda. Ubungo kwenye barabara za juu, mfumo hauelewi uko ghorofa ipi, hivyo unakupimia kwa kikomo cha barabara nyingine. Tupa nukta ambazo kifaa kilizipata kwa setilaiti chini ya sita.

Kuzima injini kwa mbali, kama lazima uwe nako, kufungiwe kufanya kazi gari likiwa limesimama tu. Injini ikizimika mwendoni, siteringi inakuwa nzito na breki zinapoteza msaada, na hapo wewe ndiye umesababisha ajali. Wenye mabasi ya mikoani wajue kifaa hiki si mbadala wa mfumo wa kufuatilia mabasi wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Madereva nao waambiwe kwa maandishi kinachorekodiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Kabla ya kusaini, muulize muuzaji kama matukio ghafi yanapakuliwa, kila moja na saa, mahali na kasi. Akikuonyesha PDF yenye alama ya dereva tu, tafuta mwingine.