Nyayo bapa, othotiki na raba za kukimbilia: uzoefu wangu

Wadau wenye nyayo bapa hii ni yenu, mimi nimepoteza miezi mingi ya kukimbia kwa sababu nilichagua kiatu kwanza halafu othotiki nikazikumbuka baadaye.

Nyayo zangu ni bapa kabisa, nikikanyaga sakafu kavu na mguu umelowa alama inatoka nzima, ule mkato wa upande wa ndani haupo. Nikikimbia vifundo vinalalia ndani na ugoko unauma. Nikachongewa othotiki, zile soli ngumu za ndani zinazofuata umbo la unyayo wako, nikazizoea taratibu, saa moja siku ya kwanza halafu naongeza, kukimbia nazo nikaanza baada ya wiki kama mbili. Hapo hakukuwa na shida.

Shida ilikuwa raba. Muuzaji alivyoona nyayo tu akanipa ile ya kuzuia mguu usilale, yenye sponji ngumu upande wa ndani. Sio kiatu kibaya jamani, mtu wa nyayo bapa asiyevaa othotiki inaweza kumfaa vizuri tu, ila mimi nikaja kupachika othotiki ndani yake, tena juu ya insoli, ile soli laini ya ndani iliyokuja na kiatu, maana sikujua kama inatolewa, basi mguu ukawa unasukumwa kwenda nje mara mbili, na kiatu na othotiki, kisigino kimepanda kinachomoka kila hatua, vidole vimebanwa, na nikifika kilomita ya 5 goti linaanza kuuma upande wa nje, maumivu ambayo sikuwahi kuwa nayo kabla.

Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, ndo akanielewesha, kwamba kwa mguu wangu kurekebisha ni kazi ya othotiki, kiatu kinatakiwa kiibebe tu. Kwa hiyo raba ya kawaida isiyo na marekebisho, chini pawe tambarare na imara, nyuma ya kisigino pawe pagumu ukipaminya na pawe na kina, na insoli yake itoke.

Nikachukua Brooks Ghost, raba ya aina hiyo, saizi ileile lakini upana wa 2E, yaani pana kuliko ya kawaida, na huo upana ndo uliniokoa kwa kweli kwa sababu othotiki inakula nafasi kuliko unavyofikiria. Insoli nikaitoa, othotiki ikakaa chini kabisa bila kucheza. Kamba nazipitisha hadi kwenye yale matundu ya mwisho juu, nafanya kitanzi kila upande halafu navuka, kisigino hakichomoki tena.

Safari hii dukani nilienda jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo, na othotiki zangu mkononi na soksi zangu za kukimbilia, nikaacha nafasi ya dole gumba la mkono mbele ya vidole na nikakimbia kweli pale, sio kusimama mbele ya kioo. Muuzaji akikukatalia kukimbia nazo ondoka tu.

Goti lilitulia ndani ya wiki tatu. Ugoko ulichelewa, ukanichukua kama miezi miwili, na nilikuwa napunguza kilomita kila ukianza kulalamika. Sasa hivi raba ina kilomita kama 400 na sponji bado inarudi nikiibonyeza, wengi husema 500 hadi 800 ndo mwisho wake, hivyo naiangalia kila wiki, hasa upande wa ndani ambako zamani nilikuwa namaliza soli haraka. Mpaka leo imelika sawasawa pande zote mbili.