CD ya "Live!" ya Bob Marley: nilivyoikataa orijino

Nianze na kosa langu. Mwaka juzi shemeji yangu alikuwa anarudi kutoka Uingereza, akaniuliza aniletee nini. Nikamwambia niletee CD ya Bob Marley yenye "No Woman, No Cry". Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wimbo ule umetoka kwenye albamu ya Natty Dread ya 1974, nikamtajia hiyo hiyo, najiona mjuzi.

Ikafika, nikaiweka, tukakaa sebuleni na mke wangu kuusubiri wimbo wa pili. Ngoma ikaanza: tik, tak, tik, tak, kavu, haraka haraka. Mke wangu akasikiliza kidogo, akasema, "Hii siyo yenyewe." Na wakati ndiyo yenyewe! Ndiyo ya kwanza kabisa kurekodiwa. Ila ukweli, hata mimi nilihisi nimeuziwa feki.

Tik-tak ile si mtu. Studio walitumia mashine ya ngoma, na mashine haina habari na muimbaji: yeye aseme anachosema, yenyewe inakwenda. Wimbo unaisha kwa dakika kama nne, watu wanakumbushana maisha ya uani kule Trenchtown, mtaa wa maskini wa Kingston, Jamaika, moto umewashwa, uji wa unga wa mahindi unapikwa wagawane, na nyuma yao kuna kitu kinahesabu kama mita ya teksi. (Kwenye hati za wimbo mtunzi ni Vincent Ford, rafiki yake Bob wa Trenchtown aliyekuwa na jiko la kulisha watu. Kwa hiyo ule uji haukuwa pambo.)

Tuliyoizoea sisi ni ya ukumbi wa Lyceum, London, iliyorekodiwa Julai 1975 jukwaani na kutoka mwishoni mwa mwaka ule kwenye albamu ya Live! Hiyo ndiyo iliyowekwa pia kwenye mkusanyiko wa Legend mwaka 1984, ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kuisikia nyingine. Nyumbani kwetu Tanga ilikuwemo kwenye kanda ya kurudufiwa, imeandikwa kwa peni "BOB" basi. Upande A ulikuwa unaisha pale gitaa linapoanza kulia, kwac! Miaka yote hiyo nilijua wimbo ule hauna mwisho. Niliponunua Live! yenyewe ndipo nikausikia hadi tone la mwisho, nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Sasa sikiliza mwanzo wake kwa spika nzuri au hedifoni. Kinanda kinaingia taratibu kama mtu anayefungua mlango asiamshe waliolala. Bob hajaimba bado. Watu wameshautambua, wanaanza kiitikio wao wenyewe, ukumbi mzima, na bendi inawasubiri. Yeye anaingia baadaye, kama mgeni kwenye wimbo wake. Hapo ngoma zinapigwa na Carlton Barrett, mtu mwenye mikono, na besi ya kaka yake, Family Man, inakuja nyuma ya mdundo kidogo, haina pupa. Dakika saba na ushei.

Na kuna jambo jingine. Huku kwetu wengi wanalielewa jina la wimbo kwa maana ya "pasipo mwanamke hakuna kilio". Nimeliona hata nyuma ya bajaji, na mwenyewe amelikusudia kweli kweli. Kwa Kijamaika ni "mama, usilie". Ukiisikiliza ya studio, kosa hilo linaweza kupita, maana wimbo unakimbia. Ya Lyceum ni ya kubembeleza tangu sauti ya kwanza. Mtu hamdhihaki mwanamke kwa mwendo ule.

Si kwamba jukwaani kila kitu ni bora. CD hii ina nyimbo saba tu, na "Them Belly Full" naipenda zaidi ile iliyo kwenye Natty Dread: kule waitikiaji wanasikika vizuri, na hasira ya njaa imekaa kimya kimya. Hapa kelele zinaimeza. "Get Up, Stand Up" ya kufungia nayo inarefuka mno, nikiwa na mafua siimalizi. Lakini "Trenchtown Rock" ya kufungulia, acha kabisa.

Ushauri kwa anayenunua au kusikilizia kwenye simu: angalia dakika kabla ya kubonyeza. Ikisoma nne, ujue ni mashine. Ikizidi saba, umefika. Kuna pia toleo lililopanuliwa lenye usiku zote mbili za Lyceum, tarehe 17 na 18, na wimbo ule ule hauko sawa usiku kwa usiku. Sijalinunua, nikianza hivyo nitauza kochi.

CD yangu ni ya mtumba, kasha limepasuka pembeni na muuzaji alikuwa ameniapia ni zima. Inacheza bila kuruka, nimemsamehe.

Natty Dread nayo sikuitupa, ipo kwenye gari. Wimbo wa pili ukianza, mke wangu ananyoosha mkono na kuuruka, mazungumzo yakiendelea pale pale yalipokuwa.